Lumumba, karani wa posta aliyesoma usiku

Tukitaja jina la Patrice Lumumba, kila mtu anaona yule mwanaume mwembamba, mrefu, mwenye miwani na ndevu ndogo, anayesimama mbele ya mfalme wa Ubeleji tarehe 30 juni 1960. Watoto wetu wanajifunza ile siku shuleni. Lakini kabla ya ile siku kulikuwa na miaka zaidi ya kumi ambayo watu hawaisimuliaki sana. Ni miaka ya karani, mtu wa mshahara mdogo, anayeingia kazini asubuhi, anatoka jioni, halafu anafungua buku.

Leo tunataka kueleza ile miaka. Sababu huko Lemera, na kila mahali ambapo watu wanaishi kwa shimo, kuna vijana, hata wababa na wamama, wanaojiuliza: mimi ninayetoka shimoni na giza, mgongo unauma, nitasoma saa ngapi?

Mtoto wa Onalua

Lumumba alizaliwa tarehe 2 julai 1925 kijijini Onalua, katika Katako-Kombe, Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima, Watetela. Alisoma kwa wamisionari, kwanza kwa Waprotestanti, kisha kwa Wakatoliki. Hakumaliza sekondari. Diplome kubwa hakukuwa nayo, na mpaka kufa kwake hakuipata.

Tusifikiri alikosa akili. Wakoloni walipenda Mwafrika ajue kusoma, kuandika, kuhesabu na kazi ya mikono, basi. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Mwaka 1954 Lumumba alikuwa na miaka 29, ana kazi, ana mke, ana watoto. Mlango ulifunguliwa wakati yeye alikuwa ameshapita.

Alipitia mji wa kasiteriti

Hapa kuna jambo ambalo wachimbaji wengi hawalijui. Alipotoka kwao, karibu mwaka 1943, kijana Lumumba alikwenda Maniema, akafika Kalima. Kalima ni mji wa kasiteriti. Ilikuwa vita ya pili ya dunia, Wajapani walikuwa wamekamata migodi ya bati ya Malaya, na nchi zilizopigana nao zilitafuta bati ya Kongo kwa nguvu. Lumumba alipata kazi kwa Symétain, kampuni iliyokuwa inachimbisha pale. Wazee wetu wanakumbuka jina lililokuja nyuma: mwaka 1976 Symétain iliunganishwa na kampuni zingine, ikawa Sominki.

Hakukaa Kalima sana. Mwaka 1944 alikuwa ameshafika Stanleyville, tunaoiita leo Kisangani, akapata kazi ya karani wa serikali. Kisha wakubwa walimtuma Léopoldville kwenye shule ya wafanyakazi wa posta. Alifaulu vizuri sana. Alifanya kazi posta ya Yangambi, akarudi Stanleyville, akapanda mpaka kazi ya kuhesabu pesa za posta. Angalia vizuri: ile shule ya posta ilikuwa ya kazi. Hakuacha mshahara ili asome. Alikubali masomo yaliyopita ndani ya kazi yake, hata kama hayakuwa yale aliyoyatamani.

Saa alizipata wapi?

Siku ya Lumumba ilikuwa na saa 24 kama yako. Lakini ukifuata maisha yake ya Stanleyville, unaona mambo matatu.

La kwanza: alijisogeza karibu na vitabu. Kununua vitabu kwa mshahara wa karani wa Kiafrika haikuwa rahisi. Lumumba akajitolea kufanya kazi katika maktaba ya watu wote ya Stanleyville, bila malipo. Mwingine angesema: nimechoka, ninaongeza tena kazi ya bure? Kumbe ile kazi ya bure ndiyo ilimweka kati ya vitabu. Hakungojea apate pesa ya kununua buku. Alikwenda kukaa mahali buku iko.

La pili: alijifunga na masomo yenye mwalimu. Alifuata masomo ya usiku, na masomo ya barua. Masomo ya barua ni hivi: unajiandikisha, somo linakuja kwa posta, unalifanya, unalirudisha, mwalimu wa mbali analisahihisha. Faida yake ni kwamba mtu mwingine anakungoja. Ukiwa peke yako na buku, usiku wa uchovu utasema kesho. Lakini somo likishakuja na siku ya kulirudisha, ile kesho inapata mpaka.

La tatu: aliandika. Toka mwisho wa miaka ya 1940, jina lake lilianza kuonekana katika magazeti kama La Croix du Congo na La Voix du Congolais. Kifaransa haikuwa lugha ya mama yake. Alikuwa na Otetela, Kiswahili na Lingala. Kifaransa alikitafuta kwa jasho. Lakini hakungojea kijae kichwani ndiyo aandike. Kuandika kwenyewe kulimfundisha. Vilevile aliingia katika vyama vya Stanleyville: chama cha wafanyakazi wa serikali, chama cha wale walioitwa évolués, na vingine. Mara nyingi yeye ndiye aliandika ripoti na kusimama kusema. Alichosoma usiku alikitumia mkutanoni siku ya yenga.

Masomo hayakumaliza taabu

Tusidanganyane. Masomo yalimpa Lumumba vingi, lakini hayakumpa usawa.

Mwaka 1952 wakoloni waliweka sheria ya immatriculation. Mwafrika aliyehesabiwa kuwa na masomo na mwenendo wa Kizungu angepewa karte, na mbele ya sheria angekaribia Mzungu. Kuipata ilikuwa mtihani mkubwa, hata nyumba ya mtu ilichunguzwa. Lumumba aliomba, wakamkatalia. Akaomba tena, na mwaka 1954 akaipata. Lakini karte haikubadilisha mshahara. Mzungu wa posta alilipwa mara nyingi zaidi kumpita, na watu walimngoja yeye Lumumba avae, apokee wageni na asomeshe watoto kama mtu mkubwa.

Hapo ndipo alianguka. Mwaka 1956, aliporudi kutoka safari ya Ubeleji, alikamatwa kwa kuchukua pesa za posta, zaidi ya franka 100,000. Mahakama ilimhukumu, akafungwa, akatoka mwaka 1957. Wanaompenda wanaruka hii sehemu, wanaomchukia wanasimulia hii tu. Sisi tunaiweka pale ilipo. Kosa lilikuwa kosa. Na mshahara wa rangi ya ngozi nao ulikuwa jambo la kweli.

Lakini tazama alichofanya gerezani. Aliandika kitabu kizima juu ya Kongo na mambo yanayotakiwa kubadilika. Kilichapwa mwaka 1961, yeye akiwa ameshakufa. Mtu aliyezoea kuiba saa usiku, hata gerezani alipewa saa nyingi, akazijua kazi yake.

Alipotoka, posta ilikuwa imekwisha kwake. Alikwenda Léopoldville, akaingia kampuni ya pombe, Bracongo, kuuza bia ya Polar. Ile kazi ilimtembeza katika mitaa na mabaa, akajulikana na watu. Mwezi wa 10 mwaka 1958 yeye na wenzake walianzisha chama cha MNC. Mwezi wa 12 alikuwa Accra, kwenye mkutano wa Waafrika ulioitishwa katika nchi ya Nkrumah. Mwaka na nusu baadaye, yule karani asiye na diplome ya sekondari alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Siku ya uhuru zilibaki siku mbili atimize miaka 35. Aliuawa Katanga tarehe 17 januari 1961. Mwaka 2022 jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa na Ubeleji. Kabla ya kuzikwa Kinshasa lilipitishwa Onalua kwao, na Kisangani, mji alikosomea usiku.

Usisahau nyumba

Mwaka 1951 Lumumba alimuoa Pauline Opango, waliyeishi naye mpaka mwisho na aliyebaki mjane na watoto wadogo. Jina la Pauline halisimuliwi sana. Lakini mwanaume anayetoka kazini, anapita maktabani, anaingia mkutanoni, anarudi kuandika, ujue kuna mtu mwingine anayechota maji, anayelaza watoto, anayengoja. Mchimbaji anayetaka kusoma aanze kwa kuongea na mke wake. Na mke akitaka kusoma, mume naye ajue kuna jioni zake za kupika na kubeba mtoto. Ni haki hivyo.

Na sisi?

Ile kazi ya shimo si kazi ya biro. Lumumba alikaa kwenye kiti. Wewe unapiga nyundo na kubeba mfuko. Usijidanganye kwamba utasoma saa tatu kila usiku. Mwili utakataa, na siku ya tatu utaacha. Afadhali nusu saa asubuhi kabla ya kushuka, wakati kichwa kingali kipya, na siku ya yenga saa mbili kamili. Kidogo kisichokatika kinapita kingi cha juma moja.

Kisha fuata njia zake tatu. Jisogeze karibu na vitabu: kama parokia, kanisa ao shule iko na chumba cha vitabu, jitolee kukifagia na kukipanga. Jifunge na mwalimu: watu watano wa shimo moja wakichanga kidogo siku ya kugawana, wanaweza kulipa mwalimu wa kijiji jioni mbili kwa juma. Na uandike: hesabu za kilo za timu yenu, barua ya kooperative, ripoti ya mkutano. Yule anayeandika kilo hadanganywi kirahisi na mnunuzi.

Aliyeacha shule zamani asiseme mlango umefungwa. Sheria ya nchi yetu inamruhusu mtu aliyejisomea mwenyewe kukaa kwenye examen d'État kama autodidacte. Uliza kwenye shule ya sekondari iliyo karibu nawe masharti na siku za kujiandikisha, mapema, mbele mwaka haujasonga. Asiyejua bado kusoma aanze na darasa la watu wazima, na asione haya kukaa benchi moja na vijana.

Mlango wa Lumumba ulifunguliwa akiwa ameshapita. Wako ungali wazi, na siku za kujiandikisha zina mwisho.