Wangari Maathai: Chuo kilimfungia mlango, kina mama wa miche wakabaki naye

Mapema mwaka wa 1966, binti wa kijiji cha Ihithe, wilayani Nyeri, alirejea nchini kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili na barua ya kazi mkononi. Barua hiyo ilimwahidi nafasi ya msaidizi wa utafiti kwa profesa wa zuolojia katika chuo ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipofika kuripoti kazini, aliambiwa kwamba nafasi hiyo ilikuwa imepewa mtu mwingine. Wangari aliamini kuwa alinyimwa kwa sababu ya jinsia na kabila lake.

Aliyemnusuru ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, aliyemwajiri katika idara mpya ya anatomia ya mifugo. Humo alidumu miaka 16.

Wangari alizaliwa Aprili 1, 1940. Utotoni mwake aliishi miaka kadhaa karibu na Nakuru, katika shamba la mlowezi ambako baba yake alikuwa dereva na fundi wa magari. Mfanyakazi wa enzi hizo hakubaki kazini kwa kupenda. Alivaa kipande shingoni, na kuondoka bila idhini ya mwajiri lilikuwa kosa la kumfikisha kortini. Mwaka wa 1947 Wangari alirudi Ihithe akaanza shule, kisha akaendelea na masomo katika misheni ya Wakatoliki ya Mathari, mjini Nyeri.

Chuoni Nairobi alipanda ngazi upesi. Alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1971, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo Afrika Mashariki na ya Kati, na kufikia 1977 alikuwa mkuu wa idara na profesa mshiriki. Hata hivyo, mhadhiri mwanamke aliyeolewa hakupewa posho ya nyumba, bima ya matibabu wala pensheni sawa na mwenzake mwanamume, kwa dhana kwamba mumewe angemtunza. Wangari na mwenzake, Vertistine Mbaya, walikataa dhana hiyo. Walijaribu kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi ili kiweze kujadiliana na mwajiri. Mahakama ilikataa, ingawa mengi waliyodai yalikubaliwa baadaye.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka wa 1982. Wangari aliacha kazi, kama sheria ilivyotaka, ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo huko Nyeri. Akazuiwa kugombea kwa madai kwamba hakuwa amejiandikisha kupiga kura. Alipoomba kurudishiwa kazi yake, chuo kilikataa, na kwa kuwa nyumba aliyoishi ilikuwa ya chuo, alifukuzwa humo pia. Miaka 16 ya utumishi ikaishia hapo.

Kilichombakia ni miche. Juni 5, 1977, chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake, alikuwa ameanzisha kazi ya upanzi wa miti iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Sasa aliifanya kwa siku nzima, akisaidiwa na fedha za Umoja wa Mataifa na za chama cha misitu cha Norway.

Malipo ya kina mama hao yalikuwa kidogo mno: mwanzoni takriban senti nne za Marekani kwa kila mche ulioshika baada ya kupandwa. Ni vigumu kuamini kwamba senti hizo ndizo zilizowafunga. Wataalamu wa misitu walitilia shaka kama watu wasio na diploma wangeweza kuotesha miti. Wangari aliwaambia kina mama watumie akili ya mkulima, na wao wakaotesha mbegu wakitumia hata makopo na vyungu vilivyovunjika. Aliyejua alimfundisha jirani yake. Kuni zilizotokana na miti hiyo zilikuwa zao wenyewe, na kivuli pia.

Uaminifu wa watumishi wake ulipimwa mwaka wa 1989. Wangari alipinga jumba la orofa 60 ambalo chama tawala, KANU, kilitaka kulijenga katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Serikali ikalitimua shirika lake kutoka ofisi lililokuwa likitumia. Wafanyakazi hawakutawanyika. Walihamia nyumbani kwake South C, vyumba vikawa ofisi, na kazi ikaendelea humo kwa miaka mingi huku wapelelezi wakiwaandama.

Mwaka wa 2002 Tetu ilimchagua kuwa mbunge. Oktoba 8, 2004, akiwa njiani kuelekea Nyeri, alipata habari kwamba ametunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kufikia wakati huo shirika lake lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30. Alisimama katika hoteli ya Outspan akapanda mti mmoja zaidi, ukielekea Mlima Kenya.

Alifariki Septemba 25, 2011. Majivu yake yalizikwa katika taasisi yenye jina lake, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, chuo kile kile kilichokataa kumrudisha kazini.