Philip Gosse: Shamba lilimshinda, akaifundisha dunia kufuga samaki kwenye kioo

SAMAKI wanunuliwapo huwa wazima, wanacheza ndani ya mfuko. Siku ya pili wanapumulia juu ya maji, mapezi yamelala. Siku ya tatu nusu yao wameelea. Anayelaumiwa kwanza ni muuzaji, na kinachotafutwa kwanza ni dawa.

Maisha ya Philip Henry Gosse, Mwingereza aliyeeneza ufugaji wa samaki katika matangi ya kioo, yanaonyesha kuwa mara nyingi anayeumwa kwanza si samaki. Ni maji.

Gosse alizaliwa Aprili 6, 1810 mjini Worcester na kukulia Poole, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo za watu, akizunguka mji hadi mji kutafuta wateja, na kipato hakikutosha. Mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 17, kijana huyo alivuka Bahari ya Atlantiki kwenda Carbonear, katika kisiwa cha Newfoundland, kuwa karani wa kampuni ya biashara iliyotegemea uvuvi.

Huko alijifunza kutunza vitabu vya hesabu. Mwaka 1832 alinunua kitabu kuhusu hadubini, na tangu hapo muda wake wa ziada ulikwenda kwa wadudu, ambao habari zao aliziandika kila siku.

Mwaka 1835 aliacha ukarani na kuingia kwenye kilimo. Yeye na marafiki wawili, mtu na mkewe, walikwenda Compton, eneo ambalo leo lipo katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Walivutiwa na sifa walizosoma kuhusu ardhi ya nchi hiyo. Walifika wakati wa kiangazi, vipepeo wakiwa wengi, na Gosse mwenyewe alikuja kukiri kwamba vipepeo ndivyo vilivyomteka akili kuliko jambo lolote.

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa haijasafishwa, majira ya baridi yalikuwa marefu, na mavuno hayakulipa jasho lao. Baada ya miaka mitatu aliondoka, akaenda jimbo la Alabama, Marekani, kufundisha watoto wa wenye mashamba ya pamba. Ukatili wa utumwa aliouona huko ulimchukiza, na mwaka 1839 akarejea Uingereza akiwa hana mtaji wowote isipokuwa daftari zake.

Daftari hizo ndizo zilizomwokoa. Mwaka 1840 alichapisha kitabu kuhusu viumbe wa Kanada, kilichotokana na shamba lile lile lililomshinda. Kuanzia mwaka 1844 alikaa Jamaika takriban miezi 18 akikusanya ndege na wadudu. Mwaka 1848 alimwoa Emily Bowes, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao pekee, Edmund.

Mwaka 1852 afya yake ilidhoofika kwa kazi nyingi, ikabidi ahamie pwani ya Devon pamoja na familia yake. Hapo ndipo alipoanza kuweka viumbe wa baharini katika vyombo vya kioo vyenye mwani, akijaribu kuwafanya waishi bila maji kubadilishwa kila siku.

Jambo hilo lilikuwa tayari linachunguzwa jijini London na mkemia Robert Warington. Mwaka 1849 Warington aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu katika chombo chenye mmea wa majini. Majani yalipoanza kuoza, maji yalichafuka na samaki wakawa hatarini. Badala ya kutafuta dawa, Warington aliongeza konokono, ambao walikula uchafu ule, na maji yakasafika. Taarifa yake aliitoa mwaka 1850.

Gosse alifanya hivyo kwa upande wa bahari. Mei 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la kuonyeshea samaki hai, na yeye alikuwa miongoni mwa waliokusanya viumbe pwani na kuwasafirisha kwa treni hadi mjini. Mwaka 1854 kitabu chake kililifanya neno akwaria kuwa neno la kila nyumba.

Mwaka huo huo alifanya jaribio ambalo mfugaji wa leo anapaswa kulijua. Alitengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi za aina nne katika maji ya kawaida. Siku iliyofuata aliweka kokoto na vipande vya mawe vilivyoota mwani. Kiumbe hakuweka. Alisubiri kiasi cha wiki moja, hadi mwani ulipotoa mapovu ya hewa kwa wingi, ndipo akaanza kuingiza viumbe wake.

Gosse aliamini siri ilikuwa kwenye mwani. Hata hivyo, mwaka 1890, miaka miwili baada ya kifo chake, mwanasayansi Sergei Winogradsky alifanikiwa kuwatenga bakteria wanaobadilisha amonia. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, nayo ni sumu. Bakteria hao hukaa juu ya mawe, mchanga na kuta za tangi, lakini huhitaji wiki kadhaa kuongezeka. Tangi jipya hawana wa kutosha, ndiyo maana samaki wageni huzidiwa ghafla.

Mafanikio ya Gosse yalikuwa na gharama. Februari 1857 Emily alifariki kwa saratani ya matiti. Mwaka huo huo kitabu alichokitegemea sana, kilichotaka kupatanisha imani yake na umri wa miamba, kilikataliwa na pande zote mbili. Aidha, wasomaji wa vitabu vyake walivamia fukwe na kubeba viumbe kwa ndoo hadi vidimbwi vikabaki vitupu, jambo ambalo Edmund alilieleza mwaka 1907. Gosse alifariki Agosti 23, 1888 huko St Marychurch, Devon.

Mfugaji mwenye tangi la kioo, au anayepokea vifaranga vya samaki, anaweza kuanza pale alipoishia Gosse. Tangi liandaliwe wiki kadhaa kabla, likiwa na mchanga au mawe kutoka kwenye tangi lenye samaki wazima. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi angalau siku nzima. Mfuko uelee dakika 15 hadi 20, kisha maji ya tangi yaongezwe humo kidogo kidogo. Samaki wageni watengwe wiki mbili hadi nne, kwani ugonjwa kama ule wa vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi huchelewa kujitokeza.

Wakianza kupumulia juu, chakula kisimamishwe, robo ya maji ibadilishwe na hewa iongezwe, kabla ya kufikiria dawa.

Kule Compton, Gosse alinunua shamba kabla ya kulijua. Miaka 19 baadaye aliandaa maji kwanza, akasubiri, na viumbe wake wakaishi.