Siti binti Saad: Kutoka Vyungu vya Fumba hadi Santuri za Bombay

Utangulizi

Tangu jadi, sauti ya mwimbaji ilizaliwa kinywani na kufia hewani. Aliyekuwapo aliisikia, asiyekuwapo alisimuliwa. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 1877, pale Thomas Edison wa Marekani alipobuni mtambo ulioweza kuichora sauti juu ya karatasi laini ya madini iliyoviringishwa kwenye mcheduara, kisha ukaitoa tena. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliuacha mcheduara na kutumia sahani bapa. Faida ya sahani ilikuwa kubwa: kutokana na sahani moja ya asili, kiwanda kiliweza kupiga chapa nakala maelfu kwa maelfu, jinsi sarafu zinavyopigwa. Kuanzia hapo sauti ikawa bidhaa. Ilitiwa kwenye makasha, ikapakiwa melini na kuuzwa dukani.

Katika upwa wa Afrika Mashariki, bidhaa hiyo ilipokelewa kwa jina la santuri, neno ambalo asili yake ni ala ya nyuzi ya nchi za Mashariki. Hata hivyo, kwa miaka mingi santuri zilizosikika Unguja, Mombasa na Lamu hazikuzungumza lugha ya wenyeji. Ziliimba Kiarabu cha Misri au lugha za Bara Hindi. Aliyekuja kuitia sauti ya Kiswahili katika santuri na kuifanya ipendwe mjini na shamba alikuwa mwanamke aliyezaliwa katika tabaka la chini kabisa la jamii yake. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad.

Asili na Malezi

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi na mama yake asili ya Kizigua. Wote wawili walitokana na watu walioletwa kisiwani na biashara ya watumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Jina hilo halikuhitaji ufafanuzi katika Unguja ya siku zile. Utumwa ulikuwa bado unatambuliwa kisheria, na amri ya kuuondoa haikutolewa hadi mwaka 1897, binti huyo akiwa tayari ni kijana.

Nyumbani kwao palikuwa na umaskini, lakini palikuwa na kazi. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti aliifuata kazi hiyo. Vyungu vilipokwisha kuchomwa, alivibeba hadi mjini kuvitembeza mitaani. Mchuuzi wa namna hiyo hutegemea kinywa chake, asiponadi, hauzi. Yasimuliwa kwamba wenye nyumba walimtambua kwa sauti kabla hajaonekana, na kwamba sauti hiyo ilisafiri mbali bila kukwaruza. Hakupata elimu ya kusoma wala kuandika. Alichokuwa nacho ni pumzi, sikio na kumbukumbu.

Kuhamia Mjini

Mwaka 1911, Mtumwa aliihama Fumba na kwenda kuishi mjini. Ndio mwaka ambao Sultani Khalifa bin Haroub alishika utawala wa Zanzibar. Taarabu ilikuwa imekwisha kuota mizizi kisiwani tangu enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, lakini ilikuwa burudani ya jumba la kifalme na ya mabwana wenye nasaba. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume, na lugha yake ya uimbaji ilikuwa Kiarabu. Katika mpangilio huo, mwanamke mfinyanzi kutoka shamba hakuwa na nafasi.

Mlango ulifunguliwa na mwanamuziki Ali Muhsin, aliyeitambua sauti yake na kumfundisha uimbaji. Mwanafunzi huyo alizihifadhi nyimbo za Kiarabu kwa moyo, beti baada ya beti. Baadaye alijiunga na wenzake waliokuwa mabingwa wa ala na uimbaji, akiwamo Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mwalim Shaaban na Mbaruk Effandi Talsam, msanii asiyeona aliyetoka Mombasa. Wakawa kundi moja, na kundi likaitwa arusini, ikulu na katika nyumba za watu wa kila asili. Ni katika kipindi hiki ambapo jina la Mtumwa liliwekwa kando, naye akaanza kuitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Si wote waliolikubali jina hilo. Wapinzani wake walimtungia nyimbo za kejeli, wakimkumbusha nguo duni aliyokuja nayo mjini na kuuliza tangu lini amekuwa mtu. Siti hakuwajibu kwa matusi. Aliwajibu kwa wimbo uliodai kwamba sura na ukoo si kitu mbele ya akili. Jibu hilo lilidumu kuliko kejeli zenyewe.

Safari ya Bombay

Mnamo mwaka 1928, kampuni ya santuri ya Uingereza iliyojulikana kwa alama yake ya HMV ilimwita Siti na wenzake Bombay, nchini India, ili wakarekodi nyimbo zao. Kampuni hiyo ilikuwa imerekodi Bara Hindi tangu mwaka 1902 na ilikuwa na kiwanda huko tangu mwaka 1908. Kwa hiyo, kwa msanii wa Unguja, Bombay ilikuwa karibu zaidi kuliko London, kwa masafa na kwa mazoea ya biashara. Kundi likavuka bahari kwa meli. Siti anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye uimbaji wake ulirekodiwa kwa ajili ya soko.

Alifika wakati mwafaka. Hadi miaka michache kabla ya hapo, waimbaji na wapiga ala walilazimika kujisonga mbele ya bomba lenye mdomo mpana kama wa tarumbeta, nalo likakusanya nguvu ya sauti zao na kuisukuma sindano. Sauti nyembamba zilipotea na ala nyingi za nyuzi hazikusikika vyema. Kuanzia mwaka 1925 kulienea mbinu ya umeme: maikrofoni iliipokea sauti, umeme ukaikuza, na sindano ikaichora juu ya sahani ya nta. Nta hiyo ilipakwa madini ili kupata mhuri, na mhuri ukatumika kupiga chapa sahani ngumu zilizochanganywa na lakri, utomvu wa wadudu wadogo ambao hupatikana kwa wingi India.

Ikumbukwe kwamba mtambo ulikuwa na masharti yake. Sahani iliyozunguka mara 78 kwa dakika iliweza kubeba takriban dakika tatu kila upande. Taarabu ya Unguja haikuzoea kipimo hicho. Wimbo mmoja ungeweza kurefuka kwa kadiri wasikilizaji walivyoridhika; kiitikio kikarudiwa, ala zikapewa nafasi, na watu wakainuka kumtunza mwimbaji. Mbele ya maikrofoni hapakuwa na wa kumtunza. Aidha, aliyekosea hakuweza kufuta. Ilibidi nta nyingine iwekwe na wimbo uanzwe upya. Kwa msanii asiyesoma, aliyebeba nyimbo zote kichwani, kazi hiyo ilidai umakini mkubwa. Licha ya hayo, katika miaka iliyofuata kundi hilo lilirekodi nyimbo zaidi ya 100.

Jambo moja linastahili kutajwa. Herufi HMV ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Sauti ya Bwana Wake, na picha iliyoambatana nayo ilimwonyesha mbwa akiisikiliza sauti ya bwana wake kutoka kwenye gramafoni. Chini ya alama hiyo ndipo lilipochapishwa jina la mwanamke aliyezaliwa akiitwa Mtumwa. Hata hivyo, sauti iliyotoka katika sahani hizo haikuwa ya bwana yeyote. Ilikuwa yake.

Santuri Mitaani

Santuri za Siti ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika muda wa miaka michache. Wengi waliozisikia hawakumiliki gramafoni. Walizisikia mikahawani na katika nyumba za majirani, Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na miji ya bara. Taarabu, ambayo hapo awali ilihitaji mwaliko, sasa ilimfikia mpita njia. Aliyesimama dirishani kusikiliza hakuulizwa ukoo wake, wala sahani haikuonyesha ukoo wa aliyeimba.

Maudhui ya nyimbo yalichangia umaarufu huo. Pamoja na mapenzi, Siti na wenzake waliimba juu ya mambo yaliyozungumzwa mitaani: dhuluma za wenye nguvu, mateso ya wanawake na hukumu zisizo za haki. Mfano mashuhuri ni wimbo wa Kijiti, uliosimulia kisa cha mwanaume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, kisha akatoroka huku adhabu ikiwaangukia waliotoa ushahidi. Katika kisiwa ambako mahakama ilikuwa chini ya wakoloni na maskini hakuwa na gazeti la kuandika malalamiko yake, wimbo ulitunza kumbukumbu ya kesi. Santuri iliifanya kumbukumbu hiyo isikike mbali na mahali ilipotukia.

Mafanikio hayo yaliwaamsha wafanyabiashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, makampuni mengine ya Ulaya yalianza kuleta mafundi na mitambo pwani ya Afrika Mashariki badala ya kuwasafirisha wasanii. Hata hivyo, msukosuko wa uchumi ulioikumba dunia baada ya mwaka 1929 ulipunguza biashara, na vita vilivyoanza mwaka 1939 vikaizorotesha zaidi.

Siku za Mwisho

Siti aliendelea kuimba hadi uzeeni. Karibu na mwisho wa maisha yake alitembelewa na mwandishi Shaaban Robert, ambaye alimsikiliza na kuyakusanya masimulizi yake. Tarehe 8 Julai 1950 Siti aliaga dunia mjini Unguja. Wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert ulichapishwa mwaka 1958, ukawa miongoni mwa wasifu wa mwanzo wa mwanamke wa kawaida katika fasihi andishi ya Kiswahili. Mwanamke asiyejua kuandika aliingia katika historia kwa njia mbili, kwa sahani na kwa kitabu.

Urithi wake ulipokelewa na wengine. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti na akaziimba nyimbo zake hadi majukwaa ya Ulaya. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kiliposaka jina la jarida lake, kilichagua Sauti ya Siti.

Hitimisho

Ni rahisi kudai kwamba teknolojia ndiyo iliyomkuza Siti. Ukweli ni kwamba alipofika Bombay alikuwa amekwisha kuimba mjini kwa zaidi ya miaka 15, na kabla ya hapo alikuwa ameinoa sauti yake kwa kunadi vyungu. Mtambo haukumpa sauti. Ulimwondolea kuta zilizoizuia. Kwa upande mwingine, mtambo huo ulichukua dakika tatu tu za kila wimbo na kuyaacha mengine. Sahani za lakri nazo ni kama vyungu vya Fumba: zikianguka, huvunjika. Nyingi zimekwisha kupotea, na zilizosalia zimekwaruzwa na sindano za miaka mingi.

Wasomi wa Kiswahili wamezoea kuitafuta historia ya lugha hii katika miswada na vitabu. Maisha ya Siti binti Saad yanadhihirisha kwamba sehemu ya historia hiyo imo katika santuri, kwa matamshi, kwa mkazo na kwa pumzi ya watu ambao kalamu iliwapita kando. Kila sahani inayovunjika kabla ya kuhifadhiwa huondoka na ushahidi ambao hakuna mswada utakaoufidia.