Tippu Tip na daftari la madeni: Funzo la njia ya misafara kwa familia zetu

 

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kumtazama mtu ambaye jina lake analijua kila aliyesoma historia ya nchi hii, ila tumtazame kwa upande ambao huzungumzwa kwa nadra. Mtu huyo ni Hamed bin Muhammad el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Wengi wetu tunamjua kwa bunduki, pembe za ndovu na watumwa. Leo tunamtazama kama mtu aliyefanya kazi akiwa na deni mgongoni kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Tumemchagua kwa sababu habari yake haiko mbali na milango yetu. Nchi ya Uyui, ambayo leo makao makuu ya wilaya yake yako Isikizya, ilipitiwa na misafara iliyotoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda. Mali iliyobebwa na misafara ile kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya mkopo. Leo mkulima wa tumbaku wa maeneo hayo hayo huchukua mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, na siku ya malipo hukatwa deni kwanza kabla hajashika shilingi. Zama zimebadilika, bidhaa zimebadilika, lakini mtu anayetumia leo mali atakayoilipa kesho bado yupo.

Mtoto wa njia ya bara

Hamed alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Baba yake, Muhammad bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara aliyeweka makazi Ituru, karibu na Tabora, na alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Hamed mwenyewe alianza biashara angali mtoto wa miaka kumi na miwili, akinunua na kuuza sandarusi pamoja na jamaa zake upande wa mama. Alipofikia miaka kumi na minane akafuatana na baba yake hadi Unyamwezi.

Huko likatokea jambo linaloonesha tabia yake. Baba alitaka kubaki Tabora na kumkabidhi mtu mwingine mali ya safari ya kuelekea magharibi ya Ziwa Tanganyika, kwa kuwa alimuona mwanawe bado mdogo. Hamed hakukubali kwenda kama mfuasi tu. Alitaka mali iwe mikononi mwake na dhamana iwe juu yake. Baba akakubali. Tangu siku hiyo kijana akajifunza kwamba anayeshika mali ya mwenziwe ameshika amana, na kwamba mwisho wa safari ataulizwa hesabu.

Mkopo wa misafara ulivyokuwa

Ili tuelewe uzito wa amana hiyo, tueleze kidogo jinsi biashara ile ilivyoendeshwa. Wafanyabiashara wengi wa Kiarabu na Kiswahili hawakuwa na mtaji wa kutosha. Walikwenda kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, wakapewa merikani, kaniki, shanga, masango ya shaba, bunduki na baruti. Bei ya kukopa ilikuwa juu kuliko bei ya taslimu, na malipo yalingojewa mpaka msafara urudi na pembe, jambo lililoweza kuchukua miaka.

Kutoka pwani ya Mrima hadi Tabora ni mwendo wa takriban miezi mitatu kwa miguu. Njia nzima nguo ile ile iliyokopwa ndiyo iliyokuwa fedha. Wapagazi walilipwa kwa nguo. Posho ya kila siku ilinunuliwa kwa nguo na shanga. Kila mtemi aliyepitiwa nchi yake alidai hongo, nayo ilikuwa nguo. Hapo ndipo ulipokuwa mtihani mkubwa: mtaji na matumizi vilikaa katika mzigo mmoja. Asiyejua ametumia doti ngapi na amebakiza doti ngapi alifika kwenye pembe akiwa na majora machache, na deni lake Unguja liko pale pale, halikupungua hata shuka moja.

Kulikuwa pia na majanga yasiyotabirika. Mwaka 1871 vilipozuka vita kati ya Waarabu wa Unyanyembe na Mirambo, njia ya Ujiji ikafungwa. Mwenye tegemeo moja tu la kulipia deni lake alibaki hana njia. Haishangazi basi kwamba walikuwako wafanyabiashara waliokaa Tabora, Ujiji na Manyema miaka mingi, na wengine mpaka mauti yakawakuta huko, kwa kuwa pwani walikuwa wakingojewa na wadai. Walijenga matembe, wakalima, wakazaa, lakini hawakuwa huru kurudi kwao.

Taria Topan na miaka kumi na miwili

Hamed hakuwa mtu wa namna hiyo. Katika safari zake za mwanzo, wenzake walipogombania pembe kubwa zilizokuwa ghali, yeye alinunua ndogo ndogo zilizokuwa rahisi, akapata nyingi kwa mtaji mdogo. Mtu anayejua kipimo cha mfuko wake haoni aibu kununua kinachomfaa.

Mdai wake mkubwa akawa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa jamii ya Khoja, ambaye baadaye alisimamia forodha ya Unguja na kupewa cheo na serikali ya Uingereza. Taria alimuamini, na Hamed akachukua kwake mali nyingi kwa ajili ya safari ya tatu, ile iliyoanza mwaka 1870. Safari hiyo ilimchukua miaka kumi na miwili. Ilimfikisha Utetera, Kasongo na Nyangwe; akakutana na Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876. Akawa mtawala wa nchi pana, mwenye askari na watu wa kumtii. Angetaka, angeweza kumsahau mtu aliyekaa dukani Unguja, umbali wa miezi mingi ya mwendo.

Barua kutoka Unguja zikamfikia, zikimtaka arudi. Akakusanya pembe zake, akavuka ziwa, akapita Ujiji na Tabora, na mwishoni mwa mwaka 1882 akaingia Unguja, akakaa na Taria kufanya hesabu. Jambo hili la kurudi kwa hiari yake lilimjengea jina ambalo bunduki zisingeweza kulijenga. Milango ya mikopo ikabaki wazi kwake wakati wengine ilikuwa imefungwa.

Hesabu zilizoachwa wazi

Hata hivyo, mtu huyu makini aliteleza katika jambo lingine. Katika miaka ya 1880 aliingia ubia na jamaa yake Bwana Nzige na Muhammad bin Khalfan el-Barwani, aliyejulikana kama Rumaliza. Mali yao ikatapakaa kati ya Kongo, Ujiji, Tabora na pwani. Mwaka 1887 Hamed akakubali pia kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa mwezi.

Kisha Stanley akamfungulia kesi Unguja, akidai kuwa hakutimiza ahadi ya kumpatia wapagazi. Fedha za Hamed zilizokuwa chini ya nyumba ya Taria zikazuiwa, naye akalazimika kusafiri kutoka Kongo hadi Unguja, akapita Tabora iliyokwisha pandishwa bendera ya Wajerumani. Kesi ile baadaye iliachwa. Lakini vita vya Wabelgiji vya mwaka 1892 hadi 1894 vilimuua mwanawe Sefu na kuvunja ufalme wake wote wa bara. Kisha Rumaliza, mbia wake wa zamani, akamshtaki mbele ya Wajerumani kuhusu hesabu za ubia wao, na shauri hilo likamgharimu mali. Watu waliokula pamoja na kupigana bega kwa bega wakamaliza urafiki wao mahakamani.

Aliishi miaka yake ya mwisho Mji Mkongwe, akaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na akafariki Juni 1905.

Deni lilipwe kwa mali ya nani?

Tusingekuwa waadilifu kama tungemsifu mtu huyu kwa kulipa deni tukanyamaza kuhusu alivyolipata la kulipia. Pembe nyingi zilizopunguza deni la Taria zilipatikana kwa vita, vijiji kuchomwa na watu kutekwa. Mwaka 1867 alimshinda Nsama wa Itabwa na kuchukua ghala kubwa la pembe. Huko Manyema nchi nzima ziliwekwa chini ya bunduki. Waliobeba mizigo ile hawakuwa wapagazi wa ujira peke yao, bali na watumwa pia.

Hapa ndipo lilipo zingatio zito kuliko yote. Deni lina tabia ya kumsukuma mtu. Mwenye kudaiwa Unguja alihitaji pembe kwa gharama yoyote, na gharama hiyo wakailipa watu ambao hawakuwahi kukopa doti hata moja. Hesabu ya Taria ilifungwa. Hesabu ya wale waliodhulumiwa haikufungwa na daftari lolote la Unguja, nayo iko mbele ya Mwenye kuhukumu kwa haki. Dini yetu inatutaka tulipe madeni, na inatutaka vilevile tulipe kwa halali. Anayechukua fedha za mwajiri wake, akiba ya kikundi au urithi wa yatima ili amtulize mdai, hajalipa deni. Amelihamisha na kuliongezea dhambi.

Tufanye nini majumbani mwetu?

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, imeamrisha deni la muda liandikwe, na ikahimiza kumpa nafasi mwenye dhiki mpaka apate wepesi. Katika Suratun Nisaa mirathi haigawanywi mpaka madeni ya marehemu yalipwe. Na imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa maiti mwenye deni akaacha kumsalia yeye mwenyewe, mpaka sahaba Abu Qatada alipojitwika deni lile. Jambo lenye uzito wa namna hii haliachwi kichwani.

Kwa hiyo tunashauri familia ziketi pamoja, mume na mke, na watoto wakubwa wasikie. Kwanza, andikeni kila deni: la nani, kiasi gani, lini linatakiwa. Yaingie ya chama cha msingi, ya dukani, ya shemeji, na hasa yale ya riba tusiyotaka kuyataja, yakiwemo ya simu na yale ambayo mitaani huitwa kausha damu. Haya ya riba ndiyo ya kukimbiwa mwanzo, na asikope mtu tena kwa riba ili alipe la kwanza.

Pili, andikeni matumizi ya mwezi mzima bila kuficha. Wengi hushangaa wanapoona kuwa kilichowamaliza si chakula wala ada ya shule, bali vitu vidogo vidogo vya kila siku, pamoja na fahari ya harusi na sare za shughuli. Msafara nao haukumalizwa na hongo moja kubwa. Ulimalizwa na shuka moja moja njiani.

Tatu, mkulima atenganishe mtaji na posho. Fedha za mavuno zigawanywe siku ile ile zinapopatikana: fungu la deni, fungu la chakula mpaka msimu ujao, fungu la ada na matibabu, fungu la shamba. Anayeziacha fedha zote katika mfuko mmoja atakula mbegu bila kujua. Wala asitegemee zao moja tu; mwenye tumbaku awe na karanga, mpunga au mizinga ya nyuki, maana njia moja ikifungwa, kama ilivyofungwa ya Ujiji, awe na nyingine.

Nne, anayeshindwa kulipa kwa wakati asijifiche. Aende kwa mdai wake, aeleze hali, aombe muda, na atangulize alichonacho japo kidogo. Naye mdai akumbuke fadhila ya kusubiri. Na wenye ubia, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja, wafunge hesabu kila mwaka mbele ya mashahidi, ili watoto wao wasirithi ugomvi.

Ndugu zetu katika imani, wako wafanyabiashara waliokufa mbali na kwao kwa kuogopa kukutana na wadai. Leo hatuhitaji kukimbilia Manyema. Mtu anaweza kujificha akiwa nyumba ya pili, simu imezimwa, msikitini haonekani kwa kuwa anayemdai anaswali safu ya mbele. Huo nao ni uhamisho. Tufungue madaftari yetu tukiwa bado hai, kabla hayajafunguliwa na warithi wetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, atuepushe na uzito wa madeni na dhuluma, na awape wepesi wote wenye dhiki. Amin.