Sir Rudolph Peters: Aliyeishinda sumu iunguzayo ngozi

MWAKA 1940, Uingereza ilipokuwa ikihofia kuvamiwa na Ujerumani, hofu nyingine ilitanda katika maabara zake. Hiyo ilikuwa hofu ya lewisaiti, kemikali ya vita yenye aseniki, ambayo tone lake likigusa ngozi huiunguza, hufumua malengelenge na kupenya hadi damuni.

Jukumu la kutafuta tiba lilimwangukia Rudolph Albert Peters, profesa wa biokemia katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Peters alizaliwa London, Aprili 13, 1889, na kusomea Cambridge. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa daktari wa jeshi na akatunukiwa nishani ya ushujaa. Mwaka 1917 alihamishiwa Porton Down, kituo cha utafiti wa silaha za kemikali, na huko akaanza kuzichunguza sumu za vita.

Alipokabidhiwa kiti cha uprofesa Oxford mwaka 1923, aligeukia vitamini B1. Aliwachunguza njiwa walionyimwa vitamini hiyo na kubaini kuwa ubongo wao ulishindwa kukitumia chakula chake, yaani sukari. Maabara yake ikagundua pia kuwa aseniki huvikwamisha vimeng'enya vya kazi hiyo hiyo, kwa kung'ang'ania salfa iliyomo katika protini.

Hapo ndipo tiba ilipopatikana. Peters na wenzake, Lloyd Stocken na Robert Thompson, walitengeneza dawa yenye salfa mbili zilizokaa jirani, ambazo huikamata aseniki kwa nguvu zaidi kuliko protini za mwili. Dawa hiyo, dimekaproli, ilipopakwa kama marhamu mapema, iliinyofoa sumu kabla haijaiharibu ngozi.

Siri hiyo ya kijeshi ilitangazwa hadharani mwaka 1945. Lewisaiti haikutumika katika medani za Ulaya, lakini dawa haikupotea bure. Wagonjwa wa kaswende waliokuwa wakidhuriwa na dawa za aseniki walipata nafuu, na baadaye ikawafaa wagonjwa ambao miili yao hulimbikiza shaba. Hadi leo hutumika kwa sindano dhidi ya sumu ya aseniki na zebaki.

Peters alipewa hadhi ya Sir mwaka 1952, akastaafu Oxford mwaka 1954, na kufariki dunia Januari 29, 1982, akiwa na umri wa miaka 92. Dawa iliyozaliwa kwa hofu ya vita imebaki kuwa mali ya wagonjwa.