Augustin Fresnel: Mhandisi wa Barabara Aliyeitetea Nuru

Augustin-Jean Fresnel alizaliwa tarehe 10 Mei 1788 kijijini Broglie, kaskazini mwa Ufaransa. Utotoni hakuonyesha dalili za umaarufu. Alipotimiza miaka minane, kusoma kulikuwa bado kunamtatiza. Hata hivyo, alihitimu uhandisi jijini Paris, akaajiriwa na serikali kusimamia ujenzi wa barabara.

Mnamo 1815, Napoleon aliporejea kutoka kisiwa cha Elba, Fresnel alijiunga na waliompinga, akasimamishwa kazi. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akiwa kwa mamake kijijini Mathieu, alianza kuchunguza kingo za vivuli, tone la asali likiwa lenzi yake. Aliona mistari ya mwangaza na giza ikipishana, jambo ambalo nadharia ya Newton, iliyoiona nuru kuwa chembechembe, haikulieleza vyema. Kama Thomas Young wa Uingereza aliyemtangulia, Fresnel alishikilia kuwa nuru ni mawimbi.

Mwaka wa 1818 aliwasilisha hoja zake katika shindano la Akademia ya Sayansi. Poisson, mmoja wa waamuzi, aliazimia kuziangusha. Alikokotoa kwamba, iwapo Fresnel alisema kweli, katikati ya kivuli cha kisahani cha mviringo pangekuwa na doa la mwangaza; kwake huo ulikuwa upuuzi. Arago alipofanya jaribio, doa likaonekana. Mwaka wa 1819 Fresnel akatunukiwa tuzo.

Baadaye alibuni lenzi za minara ya kuongozea meli, ya kwanza ikawashwa Cordouan mwaka wa 1823. Aidha, alitunga milinganyo inayoonyesha ni kiasi gani cha nuru huakisiwa inapogonga maji au kioo. Kifua kikuu kilimwua tarehe 14 Julai 1827, akiwa na umri wa miaka 39.

Kazi yake haikuzikwa naye. Mnamo 1982, Robert Cook na Kenneth Torrance waliitumia milinganyo hiyo ili metali iliyochorwa kwa tarakilishi ing'ae kama metali halisi. Mwaka wa 1999, Jos Stam aliirudia nadharia ya mawimbi kuchora rangi zinazometa juu ya sahani ya CD, rangi ambazo hesabu ya miale iliyonyooka pekee haiwezi kuzizaa. Mawimbi yaliyotiliwa shaka mjini Paris ndiyo yaliyoipa picha ya tarakilishi rangi zake.