Mobutu alitangaza uzazi wa mpango, sheria akaiacha

Mfanyabiashara anayevuka kutoka Mpondwe, Bwera, hadi Kasindi anaingia nchi iliyotawaliwa na Mobutu Sese Seko kwa karibu miaka 32. Wilayani Kasese anakumbukwa zaidi kwa kofia ya ngozi ya chui na kwa vita vilivyomng'oa. Hatua yake kuhusu uzazi haizungumzwi sana, ingawa ilitangulia zile za majirani wengi.

Alizaliwa Lisala, Oktoba 14, 1930. Baba yake, mpishi, alifariki mapema, akalelewa na mama yake, Yemo. Alikuwa askari, kisha mwandishi wa habari, na Novemba 1965 akapindua serikali.

Desemba 1972 alitangaza sera ya uzazi unaotakiwa, yaani kila mtoto azaliwe wazazi wakiwa wamemtaka. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya taifa ya kuisimamia. Maneno hayo yalichaguliwa kwa makini. Katika jimbo lake la Equateur, ugumba ulikuwa umezitesa familia nyingi, na rais ambaye angewaambia watu hao wapunguze watoto asingesikilizwa. Kwa hiyo sera iligusa pande zote mbili: kupanga uzazi, na kuwasaidia wanaotafuta mtoto. Yeye mwenyewe, ikumbukwe, alikuwa baba wa watoto wengi.

Huduma zilianzia Kinshasa, ikiwemo hospitali iliyopewa jina la Mama Yemo. Kivu iko mbali na Kinshasa, na huko mzigo mkubwa wa afya ulibebwa na hospitali za makanisa. Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi zaidi, halikubali dawa za kuzuia mimba.

Lakini kasoro kubwa ilikuwa ya Mobutu mwenyewe. Amri ya Wabelgiji ya mwaka 1933, iliyokataza kutangaza na kusambaza vifaa vya kuzuia mimba, hakuifuta. Mtu aliyebadilisha jina la nchi, la mto na la raia wake hakukosa uwezo wa kufuta kifungu kimoja. Muuguzi akaachwa kati ya hotuba ya rais na kitabu cha sheria.

Mwaka 1991 askari wasiolipwa walipora Kinshasa, wafadhili wakaondoka na miradi ikadorora. Uganda ilipitisha sera yake ya idadi ya watu mwaka 1995. Mwaka uliofuata vita vilifika Mpondwe, na Mei 1997 Mobutu alikimbia. Alifariki Rabat, Morocco, Septemba 7, 1997.

Sheria iliyoruhusu waziwazi uzazi wa mpango nchini Kongo ilitiwa saini mwaka 2018.